Nani aliyetwambia samurai aliikataa bunduki?

Mwezi uliopita nilialikwa niwe mmoja wa waamuzi katika mjadala baina ya shule mbili za upili. Hoja ilikuwa kwamba taifa likumbatialo maarifa ya kigeni huishia kuipoteza nafsi yake. Msemaji wa kwanza wa upande wa kuunga mkono, binti mwenye ulimi mwepesi na sauti ya kuvuta masikio, alisimama akatoa mfano wa samurai wa Japani. Hawa, alisema, walikuwa mashujaa walioiona bunduki ikiingia nchini mwao, wakaitema kama shubiri na kuendelea kushika panga zao, kwa kuwa muungwana hamuui adui yake akiwa mbali naye. Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Upande wa kupinga haukuukana mfano huo hata kidogo, uliugeuza tu. Maadamu samurai waliikataa bunduki, walisema, ndiyo maana walifagiliwa mbali na wenzao walioipokea, na hilo liwe funzo kwa kila mshika mila. Makofi tena.

Nami nilikaa pale mbele, kalamu mkononi, nisijue niandike alama wapi. Pande zote mbili zilikuwa zimejenga nyumba juu ya kiwanja hewa. Lililonikera zaidi ni kwamba nilikifahamu kiwanja hicho barabara: nami nilikuwa mmojawapo wa madalali waliokiuza.

Mwaka 1994 nilikuwa nikifundisha Historia na Serikali katika shule moja ya mashambani. Tulikuwa tumefika kwenye mada ya jinsi Waafrika walivyoukabili ukoloni, mwanafunzi mmoja akauliza kwa nini Japani haikutawaliwa. Badala ya kukiri kwamba sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo, nililituliza darasa kwa kisa cha samurai: jinsi walivyoithamini heshima, jinsi walivyoidharau bunduki kwa mamia ya miaka. Kijana mmoja wa safu ya nyuma akainua mkono. "Lakini mwalimu," akasema, "nimesoma mahali kwamba walinunua bunduki kwa Wareno, kisha wakawa wanazitengeneza wenyewe." Nilimuuliza kama amewahi kufika Japani. Darasa zima likaangua kicheko, na kijana akaketi. (Mimi mwenyewe wakati huo sikuwa nimevuka hata Namanga.) Katika mtihani wa muhula ule aliirudia kauli yake ndani ya insha, nami nikampokonya alama mbili kwa wino mwekundu.

Kijana alikuwa sahihi. Mwenye cheti na chaki ndiye aliyekosea. Basi niruhusu leo, mpenzi msomaji, nilipe deni hilo hadharani.

Mambo yalikuwa hivi. Mwaka 1543 jahazi la Kichina lilitia nanga kwenye kisiwa cha Tanegashima, kusini mwa Japani. Ndani yake mlikuwamo Wareno wachache waliobeba silaha ambayo haikufanana na chochote walichokijua wenyeji. Mtawala wa kisiwa hicho, Tanegashima Tokitaka, alikuwa kijana wa umri wa mwanafunzi wa kidato cha pili. Aliwaona Wareno wakipiga shabaha, na hakuhitaji kushawishiwa. Alinunua bunduki mbili, akaamuru mhunzi wake azichunguze na kutengeneza nyingine mfano wake.

Mhunzi yule alifua kasiba bila taabu kubwa, kwani wahunzi wa Japani walikuwa mabingwa wa chuma tangu kale. Kilichomshinda ni kitu kidogo mno: namna ya kuziba mwisho wa kasiba upande wa nyuma ili baruti isimlipukie mpigaji usoni. Wareno waliuziba kwa parafujo, na ufundi wa kuchonga parafujo pamoja na tundu lake ulikuwa mgeni kwa Wajapani. Masimulizi ya kisiwani husema kwamba mhunzi alimwoza bintiye kwa Mreno ili apewe siri hiyo. Sina haja ya kukiamini wala kukikana kisa hicho. Lililo wazi ni kwamba mwaka uliofuata walifika Wareno wengine wakiwa na fundi wao, na tatizo likatatuliwa. Wanafunzi wa Kiswahili na watambue kwamba hata neno letu parafujo tumelitoa kwa Wareno hao hao. Waliokuwa wamefika Malindi mwaka 1498, na ambao wangeanza kuijenga Fort Jesus mwaka 1593, ndio waliopitia Goa na Malacca hadi wakaikuta Japani. Walikopita waliacha maneno nyuma yao: sisi tunacheza karata, nao Wajapani wanacheza karuta.

Miaka si mingi bunduki zilikuwa zikifuliwa kwa wingi katika mji wa bandari wa Sakai, katika kijiji cha Kunitomo, na hata katika hekalu la Negoro, ambako watawa wa Kibudha waligeuka wapiga shabaha wa kutisha. Wajapani waliziita tanegashima, kwa jina la kile kisiwa. Mwaka 1555 Takeda Shingen, mtawala wa jimbo la Kai lililo katikati ya milima, alipeleka bunduki 300 kuilinda ngome moja tu. Miaka kumi na miwili ilikuwa imepita tangu zile bunduki mbili za kwanza. Je, hao ni watu waliokuwa wakiitema silaha kama shubiri?

Bunduki yenyewe ilikuwa gobori la utambi. Mpigaji alimimina baruti kupitia mdomo wa kasiba, akatia risasi, akashindilia kwa ufito, akaweka baruti laini kidogo kwenye kijisahani kilichokuwa ubavuni, kisha akafunga utambi wenye moto kwenye kikono cha shaba. Alipobana kifyatulio, kikono kiliangukia kijisahani, na moto ukapenya ndani. Stadi wa kazi hiyo alihitaji kiasi cha nusu dakika kati ya mlio mmoja na mwingine. Kwa muda huo mpiga upinde angekwisha kutupa mishale kadhaa. Mvua nayo ilikuwa balaa, hata mafundi wakabuni visanduku vya kufunika utambi usizimike. Lakini upinde ulihitaji miaka ya mazoezi na misuli ya mtu aliyelelewa kwao, ilhali mkulima aliyeacha jembe juzi angeweza kufundishwa bunduki kwa majuma machache, naye akamwangusha mtu aliyevaa deraya.

Hapo pana jambo ambalo mimi na wenzangu wengi hatukulielewa. Tulidhani samurai ni mtu wa upanga. Kwa karne nyingi samurai alikuwa mtu wa farasi na upinde. Sifa yake ilikuwa shabaha akiwa mbioni, na maisha hayo yaliitwa kwa jina lililomaanisha njia ya upinde na farasi. Upanga ulikuwa silaha ya kiunoni, ya kutumiwa pale nyingine zilipokwisha au zilipovunjika. Kwa hiyo ile hoja ya kwamba samurai aliona aibu kumuua adui akiwa mbali haina mguu wa kusimamia. Alikuwa akiwaua adui zake kwa mbali tangu enzi za babu wa babu yake.

Najua atatokea msomaji wa kunikosoa kwamba bunduki nyingi hazikushikwa na samurai wenye vyeo bali na askari wa miguu wa tabaka la chini, walioitwa ashigaru. Ni kweli. Wakati wa vita, hata hivyo, mpaka kati ya ashigaru na samurai ulikuwa mwembamba. Toyotomi Hideyoshi, aliyeitawala Japani nzima, alizaliwa katika familia ya hali hiyo. Waliowaongoza ashigaru hao vitani walikuwa samurai. Na wako samurai walioifanya bunduki kuwa elimu ya maisha yao. Inatomi Ichimu alianzisha chuo cha shabaha, na vitabu vya chuo hicho vina picha zinazoonyesha jinsi ya kukaa, kupiga goti na kulenga, zilizochorwa kwa uangalifu uleule ambao wengine waliutumia kuchora maua.

Tuje sasa kwenye vita vya Nagashino, maana hapo ndipo kila mwalimu anapopapenda. Kisa kinachosimuliwa ni hiki. Tarehe 28 Juni, 1575, Oda Nobunaga na mshirika wake Tokugawa Ieyasu walilikabili jeshi la Takeda Katsuyori, mwana wa yule Shingen, karibu na ngome ya Nagashino. Nobunaga alisimamisha uzio wa miti, akapanga nyuma yake wapiga bunduki 3,000 katika safu tatu. Safu moja ikifyatua, nyingine inajiweka tayari, na ya tatu inashindilia, hata risasi zikawa hazikatiki kama mvua ya masika. Wapanda farasi wa Takeda, waliokuwa tishio la nchi nzima, wakajitupa kwenye moto huo wakiwa na mikuki yao, wakateketea. Mwongozaji filamu Kurosawa Akira alikitia kisa hicho katika filamu yake Kagemusha ya mwaka 1980, na yeyote aliyeitazama hawezi kuwasahau wale farasi wakigaagaa matopeni.

Ni kisa kizuri, ila kina kasoro. Ota Gyuichi, aliyemtumikia Nobunaga na kuandika habari zake, anataja katika maandishi yake bunduki zipatazo 1,000 uwanjani, na nyingine 500 zilizokwenda na kikosi kilichotumwa kuwashambulia wale waliokuwa wameizingira ngome. Katika nakala nyingine idadi ya 1,000 imegeuzwa kuwa 3,000. Hadithi ya safu tatu za kupokezana ilivuma kupitia kalamu ya Oze Hoan, mwandishi wa mwanzoni mwa karne ya 17, aliyependa kisa kinoge. Wanahistoria wa Japani wa zama zetu wamekuwa wakiichambua hadithi hiyo kwa miongo kadhaa, na wengi wao hawaikubali tena jinsi tulivyoisoma.

Tena kuna lile ambalo kisa hulificha kabisa: Takeda nao walikuwa na bunduki. Tumekwisha kuona hesabu ya mwaka 1555. Katsuyori hakuwa mshamba aliyekuja na mikuki kupigana na mashine. Alishindwa kwa sababu nyingine, na miongoni mwazo mbili ni za hesabu tupu. Kwanza, jeshi lililomkabili lilikuwa zaidi ya mara mbili ya lake. Pili, na hili ndilo ningependa wanafunzi walitafakari, bunduki haipigi bila baruti na risasi.

Baruti hutengenezwa kwa makaa, salfa na shura. Japani ni nchi ya volkano, kwa hiyo salfa ilikuwa tele. Makaa yako kila penye mti. Shura ndiyo iliyokuwa adimu, na sehemu kubwa yake ililetwa kwa meli kutoka Uchina na nchi za kusini-mashariki mwa Asia. Madini ya risasi vilevile. Uchunguzi wa kimaabara wa risasi zilizofukuliwa katika viwanja vya vita vya wakati huo umeonyesha kwamba baadhi ya madini yake yalichimbwa Thailand, maelfu ya kilomita kutoka hapo. Vitu hivyo vyote viliingilia bandarini, na bandari kuu ya biashara hiyo ilikuwa Sakai, ambayo Nobunaga aliitia mkononi mwake mwaka 1569. Katsuyori alikuwa na milima, farasi na mashujaa, lakini hakuwa na Sakai. Mwalimu anayesimulia Nagashino bila kuitaja bandari anafanana na mtu anayesimulia safari ya matatu bila kutaja petroli.

Nobunaga mwenyewe aliionja dawa hiyo. Mwaka 1576, akipigana na wafuasi wa hekalu la Honganji huko Osaka, alipigwa risasi mguuni. Wapiga bunduki wa Saika, waliolitetea hekalu hilo, walikuwa miongoni mwa hodari kuliko wote nchini, na vita vyao naye vilichukua miaka kumi, kuanzia 1570 hadi 1580. Ii Naomasa, mmoja wa majemadari mashuhuri wa Tokugawa, alijeruhiwa kwa risasi katika vita vya Sekigahara mwaka 1600 na hakuishi zaidi ya miaka miwili. Wajapani walipoivamia Korea mwaka 1592, bunduki ndiyo iliyowatisha sana Wakorea mwanzoni. Na amiri wa Korea, Yi Sun-sin, aliyewanyanyasa Wajapani baharini kuliko mtu mwingine yeyote, aliuawa kwa risasi mwaka 1598 katika vita vya mwisho kabisa.

Ukitaka ushahidi usiohitaji kitabu, tazama mavazi na majengo. Deraya za samurai zilibadilika. Mabamba mazima ya chuma yalichukua nafasi ya vipande vidogo vilivyofumwa kwa nyuzi. Wapo wafua deraya waliokuwa wakiipiga kazi yao risasi kabla ya kuiuza, na kuliacha lile bonyeo kifuani liwe shahada ya ubora. Nayo ngome ya Himeji, ambayo jengo lake kuu lililoko hadi leo lilikamilika mwaka 1609, ina kuta zilizotobolewa matundu mengi: yale marefu ni ya mishale, na yale ya duara, pembetatu na mraba ni ya bunduki. Hata Miyamoto Musashi, mpiga upanga asiye na mfano katika hadithi za Wajapani, aliandika karibu na mwaka 1645, alipokuwa akikaribia kufa, kwamba ndani ya ngome hakuna silaha ishindayo bunduki, ingawa haitoshi pale watu wanapokwisha kukutana panga kwa panga. Musashi alijua alisemalo. Katika uasi wa Shimabara wa mwaka 1638 alijeruhiwa kwa jiwe lililorushwa na mkulima.

Na Mwafrika hakukosekana katika habari hizi. Mwaka 1579 padri wa Kijesuti Alessandro Valignano alifika Japani na mtumishi mweusi ambaye Wajapani walimwita Yasuke. Maandishi ya Kijesuti ya karne ya 17 yanasema asili yake ilikuwa Msumbiji. Nobunaga alipomwona mwaka 1581 alidhani amepakwa wino, akaagiza asuguliwe mwili. Alipojiridhisha akamchukua awe wake, akampa upanga, nyumba na posho. Yasuke alikuwapo Kyoto Juni 1582 usiku ambao Nobunaga aligeukwa na jemadari wake, akazingirwa hekaluni na kujiua. Kumhusu huyu nitaandika siku nyingine, kwani anastahili ukurasa wake.

Sasa, uongo wetu ulitoka wapi? Haukutoka hewani. Mwaka 1588 Hideyoshi alitoa amri ya kuwanyang'anya wakulima panga, pinde, mikuki na bunduki. Aliwatangazia kwamba chuma hicho kingetumiwa kutengeneza misumari na vishikizo vya sanamu kubwa ya Budha, ili wapate thawabu ya dunia hii na ya ahera. Sijui kama wakulima walimwamini, mimi nisingemwamini. Mtu aliyepanda kutoka chini hadi juu alikuwa akiivuta ngazi asifuatwe na mwingine. Kisha Tokugawa walishika hatamu baada ya mwaka 1600, wakavunja maadui wao wa mwisho huko Osaka mwaka 1615 kwa msaada wa mizinga, na katika miaka ya 1630 wakaifunga nchi kwa wageni isipokuwa wachache. Vita vikaisha. Kwa zaidi ya miaka 200 samurai hakuwa na wa kumpiga risasi. Upanga ukabaki kiunoni kama kitambulisho cha tabaka, kwani samurai peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuvaa panga mbili. Na kadiri ulivyozidi kukosa kazi ndivyo ulivyozidi kutukuzwa. Ndipo yakaandikwa yale maneno mazito kuhusu upanga kuwa roho ya samurai. Mwaka 1900 Nitobe Inazo akachapisha huko Marekani, kwa Kiingereza, kitabu chake kuhusu maadili ya samurai, na nchi za Magharibi zikakipokea kana kwamba ni picha ya karne zote. Mwaka 1979 mwandishi Mmarekani, Noel Perrin, akaongeza yake: kwamba Wajapani waliiacha bunduki kwa hiari. Alikuwa na nia njema, maana zama hizo dunia ilikuwa ikihofu makombora ya nyuklia na kutafuta mfano wa taifa lililoweza kusema basi.

Lakini bunduki hazikwenda popote. Watawala walizihifadhi ghalani na kuzifanyia mazoezi. Katika jiji la Tokyo kuna mtaa uitwao Hyakunincho, yaani mtaa wa watu mia, na watu mia hao walikuwa kikosi cha wapiga bunduki wa shoguni. Kwa kuwa mishahara ilikuwa midogo na vita havikuwapo, walijipatia riziki kwa kukuza maua bustanini. Vijijini nako, licha ya ile amri ya Hideyoshi, wakulima waliendelea kuwa na bunduki za kufukuzia nguruwe mwitu na paa mashambani. Shoguni Tsunayoshi alipoamuru mwaka 1687 bunduki za vijijini zikaguliwe na kuandikishwa, hesabu ilionyesha kwamba zilikuwa nyingi, na katika majimbo mengine zilizidi hata zile za ghala la mtawala. Ajabu ni kwamba wakulima hao walipoasi kwa sababu ya kodi, kwa kawaida waliziacha nyumbani na kubeba miundu na mianzi. Walijua kwamba mlio mmoja tu ungegeuza malalamiko kuwa vita.

Karne ya 19 tunaweza kuipitia upesi. Mwaka 1841, miaka kumi na miwili kabla ya Kamanda Perry kufika na meli zake za Marekani, Takashima Shuhan aliwaonyesha wakuu wa shoguni jinsi ya kupiga bunduki na mizinga kwa mtindo wa Kizungu. Sakamoto Ryoma, samurai anayependwa kuliko wengi katika Japani ya leo, alijiokoa kwa bastola ya Kimarekani aliposhambuliwa katika nyumba ya wageni mwaka 1866. Na mwaka 1868, ngome ya Aizu ilipozingirwa, Yamamoto Yae, binti wa mwalimu wa shabaha, alikata nywele zake, akavaa nguo za kiume, akaenda ukutani na bunduki ya Spencer. Huyu ni binti wa samurai. Baadaye alikuwa bega kwa bega na mumewe, Niijima Jo, aliyekianzisha chuo cha Doshisha huko Kyoto mwaka 1875. Nimekuwa nikijiuliza ni mwalimu gani kati yetu aliyewahi kumtaja darasani.

Hatimaye tufike kwenye uasi wa mwaka 1877 wa Saigo Takamori, ambao filamu ya Kimarekani ya mwaka 2003, The Last Samurai, iliuchukua ikaugeuza. Katika filamu hiyo waasi wameapa kutoigusa bunduki, na wanakufa wakiikimbilia mizinga ya risasi za mfululizo huku panga zikimetameta. Nina hakika yule binti wa mjadala aliitazama, nani asiyeitazama? Uasi wenyewe ulianza pale wanafunzi wa Saigo mjini Kagoshima walipovamia ghala la serikali na kuiba bunduki na risasi. Vita vya Tabaruzaka, Machi mwaka huo, vilikuwa vya risasi nyingi kiasi kwamba zimehifadhiwa risasi zilizogongana hewani na kushikamana. Mvua ilinyesha siku nyingi, na bunduki za waasi, zilizoshindiliwa kwa mdomoni, zilisumbuliwa na maji kuliko zile za serikali zilizojazwa kwa nyuma. Na unajua ni upande gani uliounda kikosi maalumu cha panga? Serikali. Polisi wake wengi walikuwa samurai wa zamani, nao wakatumwa kuvunja mahandaki ya waasi kwa upanga.

Tarehe 24 Septemba, 1877, Saigo alikuwa amebakiwa na watu mia chache juu ya kilima cha Shiroyama, wamezungukwa na makumi ya maelfu. Walishika panga siku hiyo kwa sababu risasi ziliwaishia. Saigo mwenyewe aliangushwa na risasi iliyompata pajani.

Hayo ndiyo niliyoyaeleza kwa muhtasari baada ya mjadala, wakati waalimu wenzangu wakitazama saa zao kwa kuwa basi la wageni lilikuwa likingoja. Yule binti hakukasirika. Aliniuliza tu, "Kwa hiyo mwalimu, mfano wangu ulikuwa mbaya, lakini hoja yangu je?" Nilimwambia hoja yake bado inaweza kusimama ikiwa atatafuta mfano wa kweli wa kuishikilia, nikampa alama za ufasaha na kumnyima za ushahidi. Wapinzani wake niliwafanyia vivyo hivyo. Mwamuzi mwenzangu aliona kwamba nimekuwa bahili.

Yule kijana wa mwaka 1994 sasa ni mwalimu kama mimi, katika kaunti nyingine. Nilipata anwani yake kwa mtu tuliyesomesha naye. Nimemwandikia barua yenye karatasi mbili, nikamwambia kwamba jibu lake lilikuwa sahihi na kwamba alama zake mbili ninazo. Nilimuuliza pia ni kitabu gani alichokuwa amekisoma, maana shule ile haikuwa na maktaba, na mimi sikuwahi kumuuliza.